Max Perutz na Siri ya Damu

Mvumilivu hula mbivu, ndivyo wazee walivyotuachia, na kila mwanafunzi ameisikia methali hiyo mara nyingi kuliko alivyoitafakari. Methali husifu subira, walakini haisemi mvumilivu atakula nini wakati tunda lingali bichi, wala ni nani atakayemruhusu kukaa chini ya mti kwa miaka ishirini. Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike juu ya maisha ya kazi ya Max Ferdinand Perutz, mwanakemia aliyezaliwa Vienna, mji mkuu wa Austria, tarehe 19 Mei 1914, akafariki Cambridge, Uingereza, tarehe 6 Februari 2002. Mtu huyu alitumia miaka 22, tangu 1937 mpaka 1959, kutafuta umbo la kitu kimoja kilichomo ndani ya damu. Katika miaka 16 ya kwanza hakuwa na hakika kwamba umbo hilo laweza kupatikana. Nataka kuonyesha kwamba subira yake, ijapokuwa ilikuwa kubwa, haikuwa mali yake peke yake. Sehemu yake kubwa alikopeshwa na watu wengine.

Yafaa kwanza tujue alichokitafuta. Protini ni vitu ambavyo karibu kila kazi ya mwili hutendwa navyo. Nyingine hujenga misuli na nywele, nyingine huyeyusha chakula tumboni, nyingine hupigana na maradhi. Kila protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, vya namna 20, vilivyofuatana kwa utaratibu maalumu kama shanga katika uzi. Uzi huo haukai umenyooka. Hujikunja na kujiviringa mpaka ukapata umbo lake, na katika umbo hilo ndimo uwezo wake ulimo. Ufunguo hufungua kufuli kwa sababu ya meno yake, si kwa sababu ya chuma chake tu, na protini ni vivyo hivyo. Hemoglobini, ambayo ndiyo inayoipa damu wekundu wake, huchukua oksijeni mapafuni na kuitua katika misuli na viungo vingine. Ni minyororo minne iliyofungamana, na kila mmoja umeshika atomi moja ya chuma. Kwa jumla molekuli moja ina atomi zipatazo 10,000. Swali la Perutz lilikuwa jepesi kulitamka: atomi hizo zimepangwaje, na mpango huo huiwezeshaje damu kufanya kazi yake?

Hakuna aliyeweza kubashiri kwamba swali hilo lingekuwa lake. Wazazi wake walitoka katika jamaa za wenye viwanda vya kusokota na kufuma nguo, nao walitamani mtoto wao asome sheria ili aje kusimamia biashara ya nyumbani. Mwalimu mmoja wa shule alimtia hamu ya kemia, naye akaingia Chuo Kikuu cha Vienna mwaka 1932 kusoma elimu hiyo. Huko alisikia habari za Frederick Gowland Hopkins na kazi iliyofanywa Cambridge juu ya kemia ya viumbe hai, akatamani kwenda kuwa mwanafunzi wake. Hermann Mark, mmoja wa maprofesa wa Vienna, alikuwa karibu kusafiri kwenda Cambridge, na Perutz alimwomba amtafutie nafasi kwa Hopkins. Mark alisahau. Badala yake alikutana na John Desmond Bernal, aliyekuwa akitafuta mwanafunzi wa kuchunguza fuwele kwa eksirei. Perutz hakuwa na ujuzi wowote wa kazi hiyo, walakini aliikubali, na Septemba 1936 alifika Cambridge kwa fedha za baba yake. Njia ya maisha yake yote ilianzia katika usahaulifu wa mtu mwingine.

Kazi ya Bernal ilikuwa hivi. Chumvi na sukari ni fuwele. Ndani yake chembe zimejipanga safu kwa safu kama askari katika gwaride. Miali ya eksirei ikipitishwa ndani ya fuwele hutawanyika kwa utaratibu, na juu ya filamu huacha madoa mengi yaliyopangika. Mwaka 1934 Bernal na Dorothy Crowfoot, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la mumewe, Hodgkin, walionyesha kwamba hata protini hutoa picha safi, maadamu fuwele zake hazikukaushwa bali zimehifadhiwa katika majimaji yake. Mwaka 1937 Perutz alikwenda Prague, akamwona Felix Haurowitz, mume wa binamu yake, na huyo ndiye aliyemshauri aichague hemoglobini. Gilbert Adair wa Cambridge akampa fuwele za hemoglobini ya farasi. Picha zilitoka nzuri ajabu. Madoa yalikuwa mamia, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua kuyasoma.

Sababu yake ni hii. Eksirei ni mawimbi. Doa katika filamu hueleza nguvu ya wimbi lililofika hapo, lakini halielezi kama wimbi hilo lilifika likiwa kileleni au bondeni kulinganishwa na mengine. Bila ya habari hiyo ya pili umbo haliwezi kuhesabiwa. Ni sawa na mtu aliyepewa herufi zote za barua, na idadi ya kila herufi, asipewe mfuatano wake. Kwa vitu vyenye atomi chache wataalamu waliweza kubuni jibu kisha wakalipima. Kwa kitu chenye atomi 10,000 kubuni hakukuwa na maana. Perutz alichagua swali ambalo njia ya kulijibu ilikuwa haijazaliwa.

Kisha dunia ikamgeukia. Machi 1938 majeshi ya Hitler yaliingia Austria. Jamaa ya Perutz ilikuwa ya asili ya Kiyahudi. Wazazi wake wakawa wakimbizi, na fedha zilizokuwa zikimlisha mwanafunzi zikakatika. Mwaka ule ule William Lawrence Bragg alikuja Cambridge kuongoza maabara ya Cavendish. Bragg alikuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1915, pamoja na baba yake, kwa kuanzisha elimu ile ile ya kupima fuwele kwa eksirei. Perutz alimwendea akamwonyesha picha za hemoglobini. Bragg hakumwuliza kazi itakwisha lini. Aliandika maombi kwa Rockefeller Foundation ya Marekani, na tangu tarehe 1 Januari 1939 Perutz akawa msaidizi wake mwenye mshahara. Mshahara huo uliokoa kazi, na pia ulimwezesha kuwaleta wazazi wake Uingereza kabla vita havijaanza.

Mei 1940 serikali ya Uingereza ilimkamata kama raia wa nchi adui, mtu ambaye adui huyo huyo alikuwa amewafukuza wazee wake. Alisafirishwa kwa meli mpaka Kanada, akakaa kambini nyuma ya seng'enge, na hakurudi Cambridge mpaka Januari 1941. Baadaye serikali ile ile iliyomfunga ilimwita katika kazi ya siri. Kwa kuwa mwaka 1938 alikuwa amepanda milima ya Uswisi kuchunguza fuwele za barafu, alitakiwa kusaidia kutengeneza barafu ngumu, iliyochanganywa na rojo la mbao, ili kijengwe kiwanja cha ndege chenye kuelea baharini. Mpango huo uliachwa kabla vita havijakwisha. Perutz alipata uraia wa Uingereza mwaka 1943, na vita vilipomalizika alizirudia fuwele zake.

Alizirudia akiwa hana cheo cha kudumu. Alikuwa mwanakemia, ndani ya idara ya fizikia, akichunguza jambo la viumbe hai. Kwa hiyo kila idara ilimhesabu kuwa mtu wa jirani. Hatari ya namna hii huwapata wengi wanaosimama baina ya elimu mbili, na wengi hupotelea hapo. David Keilin, mtaalamu wa vimelea, alikuwa amempa mahali pa kufanyia kazi ya kemia katika taasisi yake, kwa kuwa Cavendish haikuwa na vyombo hivyo. Keilin ndiye aliyemshauri Bragg apeleke shauri kwa baraza la serikali la utafiti wa tiba. Mwaka 1947 baraza hilo lilikubali kuanzisha kitengo chenye watafiti wawili, Perutz na John Kendrew. Kendrew alichukua mioglobini, protini ya misuli yenye mnyororo mmoja tu, ndugu mdogo wa hemoglobini. Hapakuwa na dawa iliyoahidiwa wala mwaka uliotajwa kuwa wa mavuno.

Mavuno ya kwanza yalikuwa aibu. Mwaka 1949 Perutz alitangaza mfano wa hemoglobini, umbo la mviringo kama sanduku la kofia, ambamo minyororo imelala sambamba kama kuni katika mtumba. Mwaka huo huo alijiunga nao mwanafunzi mwenye sauti kubwa, Francis Crick. Huyu alipiga hesabu akaona kwamba mfano huo hauwezi kuwa kweli. Mwaka 1951 alisimama mbele ya wakubwa wake akaeleza kwamba njia zote wanazozitumia hazina tumaini, isipokuwa moja ambayo hawajaijaribu ipasavyo, yaani kubandika atomi nzito juu ya molekuli. Bragg alikasirika. Perutz aliumia, lakini hakumfukuza mwanafunzi, na alikiri kwamba hesabu ilikuwa sahihi.

Pigo la pili lilitoka ng'ambo mwaka ule ule. Linus Pauling na Robert Corey wa Marekani walitangaza kwamba minyororo ya protini hujizungusha kwa mzunguko wa namna maalumu, waliouita alfa heliksi. Bragg, Kendrew na Perutz walikuwa wamechapisha makala mwaka 1950 wakiorodhesha mizunguko yote waliyoidhani yawezekana, na huo wa Pauling haukuwamo. Perutz aliisoma habari hiyo siku ya Jumamosi. Alitambua kwamba mzunguko huo ukiwa wa kweli lazima uache doa mahali fulani katika filamu, mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametazama. Alikwenda maabara akiwa na hasira juu ya nafsi yake, akachukua unywele wa farasi, akaupiga eksirei. Doa lilikuwapo. Akachapisha ushahidi uliomthibitisha mshindani wake na kumhukumu yeye mwenyewe. Kwa maoni yangu huo ndio ukurasa bora wa maisha yake, bora kuliko tuzo iliyofuata, maana mtu aliyetumia miaka 14 kwa swali moja ana sababu nyingi za kuitetea heshima yake kuliko kuitafuta kweli.

Mlango ulifunguka mwaka 1953. Austen Riggs wa Marekani alikuwa amempelekea makala iliyoonyesha kwamba zebaki yaweza kushikamana na hemoglobini bila kuizuia kuchukua oksijeni. Perutz aliona maana yake mara moja: kama kazi haikuharibika, basi umbo halikuharibika. Pamoja na Vernon Ingram alipata fuwele ambazo kila molekuli imeshika atomi mbili za zebaki, akapiga picha, akazilinganisha na za zamani. Madoa yalikuwa mahali pale pale, lakini nguvu zake zilibadilika, mengine yamekoza na mengine yamefifia. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyoitoa habari iliyokosekana, maana mahali pa zebaki paweza kujulikana, na kutoka hapo kilele na bonde la kila wimbi huhesabiwa. Mfuatano wa herufi ulianza kusomeka.

Hata hivyo ilibaki miaka sita ya kupima maelfu ya madoa, kutafuta atomi nzito nyingine za kubandika, na kusubiri kompyuta zenye nguvu za kutosha. Kendrew alitangulia, mwaka 1958 yeye na wenzake walichapisha umbo la mioglobini ya nyangumi, la kwanza la protini yoyote kuonekana. Septemba 1959 kompyuta ya Cambridge ilitoa tarakimu za hemoglobini. Perutz na wenzake walizichora, wakazikata, wakazipanga moja juu ya nyingine. Minyororo minne ilitokea, na kila mmoja ulifanana na ule wa mioglobini. Farasi wa nchi kavu na nyangumi wa baharini walikuwa wametunza umbo moja tangu zama za babu mmoja wa mbali. Makala ilichapishwa Februari 1960, na mwaka 1962 Perutz na Kendrew walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia.

Historia hii yatuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kwa njia iliyo karibu kuliko msomaji anavyoweza kudhani. Mwaka 1949 Pauling na wenzake walionyesha kwamba hemoglobini ya wagonjwa wa selimundu si sawa na ya watu wengine. Miaka michache baadaye, katika maabara ya Cavendish, Ingram huyu huyu alitafuta tofauti iko wapi, na mwaka 1957 akawa ameipata yote. Katika mnyororo wenye asidi amino 146, moja tu imebadilika: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Kwa ushanga huo mmoja hemoglobini ikishatua oksijeni hushikamana na kuwa nyuzi ngumu, chembe nyekundu ya damu ikapinda mfano wa mundu, na mishipa midogo ikaziba.

Wakati huo huo Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alikuwa akiuliza kwa nini kitu chenye kuua watoto hakikutoweka katika vizazi. Mwaka 1949 alifuatana na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford uliokwenda Mlima Kenya, akapima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Aliona kwamba urithi wa selimundu ni mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni mchache katika nyanda za juu, kama vile malaria yenyewe. Mwaka 1954 alichapisha jibu lake: aliyeurithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria, na aliyeurithi kwa wazazi wote wawili huugua. Ushanga ule ule huwa ngao kwa mtoto mmoja na msiba kwa ndugu yake wa tumbo moja. Bila ya watu waliokaa miaka mingi wakiuliza hemoglobini ikoje, tungejua kwamba ugonjwa upo, tusijue jinsi unavyofanya kazi.

Perutz hakuhesabu kwamba amemaliza. Alikuwa amelipata umbo, lakini bado hajajua jinsi linavyotenda. Mwaka 1962 ilifunguliwa Cambridge maabara mpya ya biolojia ya molekuli, iliyoota kutoka katika kile kitengo cha watu wawili, naye akawa mwenyekiti wake mpaka 1979. Hakutaka kuitwa mkurugenzi. Vyombo vilikuwa vya wote, na mkewe, Gisela, alisimamia chumba cha kulia ambamo mwanafunzi na mshindi wa tuzo waliketi meza moja. Yeye mwenyewe aliendelea kushika fuwele kwa mikono yake. Mwaka 1970 alieleza kwamba oksijeni inapofika, atomi ya chuma husogea kidogo sana, huvuta mnyororo ulioishika, na minyororo yote minne hugeuka pamoja. Kwa hiyo oksijeni ya kwanza huifungulia njia ya pili, na damu hushiba upesi mapafuni na kutoa kwa ukarimu penye haja. Maelezo hayo yalipingwa kwa miaka mingi, naye aliyatetea kwa vipimo vipya. Baada ya kustaafu alifanya kazi mpaka karibu na kifo chake, akiwa na umri wa miaka 87.

Mtu wa leo aweza kusema kwamba subira ya namna hii imepitwa na wakati. Mwaka 2024 Tuzo ya Nobel ya kemia ilipewa David Baker, Demis Hassabis na John Jumper, na wawili wa mwisho walitunukiwa kwa programu ya kompyuta yenye kukadiria umbo la protini kutokana na mfuatano wa shanga zake. Kazi iliyomla Perutz miaka 22 sasa yaweza kukadiriwa kwa muda mfupi. Ni kweli, na ni jambo la kufurahia. Lakini programu hiyo ilifundishwa kwa maumbo yaliyopimwa na binadamu na kuhifadhiwa katika hazina ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 1971, ambayo mioglobini na hemoglobini zilikuwa miongoni mwa vitu vyake vya kwanza. Mashine imekula mbivu zilizosubiriwa na wengine.

Basi nayarudia maswali yangu. Aliyemlisha Perutz wakati tunda lingali bichi alikuwa baba yake kwanza, kisha Bragg, kisha Keilin kwa meza yake, kisha baraza lililolipa mshahara mwaka baada ya mwaka. Crick alimpa kitu kingine ambacho subira haiwezi kuishi bila hicho, yaani ukosoaji. Maana kukaa chini ya mti usiozaa pia huitwa subira na wale wasiouchunguza mti. Watoto wengi zaidi wenye selimundu huzaliwa katika Afrika kusini ya Sahara. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kwanza ya ugonjwa huo kwa kuhariri jeni, na bei yake Marekani ilitangazwa kuwa zaidi ya dola milioni 2 kwa mgonjwa mmoja. Damu iliyosaidia kuuliza swali ilitoka katika miji na vijiji vyetu. Jibu limepatikana mbali, na linauzwa kwa bei ya huko. Hali hiyo haitageuzwa kwa kuwahimiza vijana wetu wawe wavumilivu, kwa kuwa wavumilivu tunao. Itageuzwa na chuo kitakachothubutu kumwambia kijana mmoja mwenye swali gumu kwamba meza yake ipo, mshahara wake upo, na wenzake watamkosoa bila kumfukuza, hata mwaka huu upite bila jibu, na ule unaofuata.